Kiboko Aliyelalia Mlango

Hodi, wenye masikio.

Karibu, mwenye mdomo.

Nimebeba kitu.

Tua tukione.

Niseme ni cha kweli au cha uongo?

Tua tu, tutachambua wenyewe.

Haya basi. Endeleeni kumenya karanga zenu, mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye kazi yake. Na yule anayetafuna badala ya kumenya, namwona.

Hapo kale, wala si kale sana, maana kompyuta zilikuwapo, palikuwa na mto mpana. Ng'ambo ya kule lilikuwapo Boma. Ng'ambo ya huku kilikuwapo kijiji cha Mwamtoni, na wakazi wake walikuwa wanyama wa kila namna, wenye pembe na wasio na pembe, wenye magamba na wenye manyoya.

Sasa karatasi zote zilikuwa Bomani. Umezaliwa, karatasi yako iko ng'ambo. Umeoa, karatasi yako iko ng'ambo. Umefiwa, karatasi ya marehemu iko ng'ambo. Unataka kichaka chako kiandikwe kwa jina lako asije mwingine akakwambia hama, karatasi nayo iko ng'ambo. Na kufika huko njia ilikuwa moja tu, nayo ni mgongo wa Kiboko.

Mzigo mmoja wa majani mabichi kwenda, mzigo mmoja kurudi. Hivyo ndivyo Kiboko alivyotaka. Unampa mzigo, unapanda, anaingia majini, chubwi, na wewe umemshika vile visikio vyake huku unamwomba Mungu. Ukifika Bomani unaambiwa karani ametoka. Unarudi, mzigo mmoja. Kesho yake unakwenda, mzigo mmoja. Unaambiwa karani yupo, muhuri haupo. Unarudi, mzigo mmoja. Wanyama wakakonda, majani yote ya Mwamtoni yakahamia tumboni mwa Kiboko, naye akanenepa hata ikawa akitaka kugeuka anageuka kwa awamu, kichwa leo, makalio baadaye.

Katika kijiji hicho aliishi Sange. Kama humjui Sange, ni mnyama mdogo, akisimama na panya wanalingana kimo, ila pua yake ni ndefu na haitulii, inachezacheza kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Sange alikwenda Bomani mara sita kuandikisha shimo lake. Mara tano alirudi mikono mitupu. Lakini hakuwa mtu wa kukaa bure. Pale benchini, akimsubiri karani aliyetoka, alitazama matangazo ukutani. Hakujua kusoma. Akamwuliza huyu herufi hii, akamwuliza yule herufi ile. Mara ya sita, alipopata karatasi yake, alikuwa anasoma hata yale maandishi madogo ya chini kabisa. Na aliona kwamba mambo yenyewe yako huko chini.

Siku moja Boma likaleta habari. Likasema, "Tumechoka kuwaona mnavuka. Huduma itawafuata huko huko mliko." Wiki ile ile Tembo wa Boma akavuka mto na masanduku manne kichwani. Wakasafisha ghala la zamani la mtama, wakaweka sola juu ya paa, wakasimamisha mnara wa mtandao nyuma yake, ndani wakaweka kompyuta, printa, na kidude kidogo cha kusomea alama, ambacho unatia wayo wako juu yake, taa ya kijani inawaka, umetambulika. Mlangoni wakaandika: KITUO CHA HUDUMA, MWAMTONI. SAA ZA KAZI NI JUA KUCHOMOZA MPAKA JUA KUZAMA.

Akatafutwa mhudumu. Nyani akajaribiwa. Akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, kompyuta ikapiga kelele ikazima. Nyumbu akajaribiwa. Akaitazama kompyuta, kompyuta ikamtazama, akaondoka. Nungunungu akajaribiwa, ila kila akiinama aliyekuwa nyuma yake aliumia. Ndipo Sange akapanda juu ya kiti, akainamisha ile pua ndefu, akabonyeza herufi moja moja, tiki, tiki, tiki, bila kugusa ya jirani. Tembo akasema, "Huyu."

Wakamfundisha majuma matatu. Siku ya kufungua, wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, Mzee Kobe," Sange akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuandikisha kuzaliwa."

"Nani kazaliwa?"

"Mimi."

Sange akamtazama. Mzee Kobe alikuwa na miaka tisini na kitu. Katika miaka hiyo yote alikuwa njiani kwenda mtoni, na kila akifika, Kiboko alikuwa ameshashiba siku hiyo, amelala. Sange akaandika, tiki, tiki, tiki. Mzee Kobe akatia wayo. Printa ikalia, krii, krii, zzzzz, karatasi ikatoka ikiwa bado na joto. Mzee akaishika kwa miguu miwili ya mbele, akaitazama muda mrefu.

"Sasa nimezaliwa," akasema. Akaingiza kichwa ndani ya gamba, na Sange akajifanya anarekebisha kiti, maana alisikia mzee analia huko ndani.

Basi watu wakaja. Asubuhi wanakuja, mchana wanakuja. Aliyezaliwa anaandikwa, aliyefiwa anaandikiwa, anayetaka kichaka chake anapata karatasi ya kichaka chake, na majani yake yanabaki nyumbani anakula na watoto. Hata Mamba akapanda kutoka mtoni siku moja, akajaza fomu, ila ngozi ikamkauka kabla hajatia wayo, akakimbia kurudi majini. "Nitarudi," akasema. Sange akaiweka fomu yake pembeni.

Na Kiboko je? Kiboko alikaa ukingoni siku ya kwanza, hakuja mtu. Siku ya pili, hakuja mtu. Siku ya tatu tumbo likamnguruma, guruuu. Siku ya nne akapanda njia ya kijijini, ndu, ndu, ndu, vyungu vikatikisika mekoni. Akafika kituoni. Akautazama mlango, akajitazama. Hakuenea kuingia. Basi akajilaza hapo hapo kizingitini, kichwa huku, makalio kule, mlango wote ukajaa Kiboko.

"Bwana Kiboko," Sange akasema kutoka ndani, "watu wanapita hapo."

"Watapita," Kiboko akasema. "Mto ni kivuko, na mlango ni kivuko. Mzigo mmoja kuingia, mzigo mmoja kutoka."

"Huu ni mlango wa Boma."

"Boma lije liniondoe."

Sange akaandika Bomani. *Kiboko amelala mlangoni.* Kompyuta ikajibu: *Ujumbe wako umepokelewa na utashughulikiwa.* Kesho yake akaandika tena. Ikajibu vile vile. Siku ya tatu akaandika kwa maneno makali, ikajibu vile vile na kumtakia siku njema. Sange akafahamu kwamba Boma liko mbali, na huyu mnene yuko karibu.

Maisha yakarudi kule kule. Mzigo mmoja kuingia, mzigo mmoja kutoka. Mwenye majani alipita juu ya mgongo wa Kiboko akiteleza. Asiye na majani alirudi nyumbani. Sange yeye alijipenyeza asubuhi chini ya kidevu cha Kiboko, akatoka jioni chini ya kwapa lake, na harufu hiyo ya kwapa tuiache, watu wanakula.

Sasa wakati huo alikuwapo Mama Digidigi. Ninyi mnawajua digidigi, wanaishi wawili wawili, mume na mke, hawaachani. Mumewe alikufa kiangazi kile kwa homa. Alimwacha na watoto wawili na kichaka kimoja, kichaka kizuri chenye kivuli na majani laini chini yake. Kichaka kilikuwa kwa jina la marehemu. Na Boma lilikuwa limetangaza kwamba siku ya Ijumaa, jua likizama, daftari la makazi linafungwa. Eneo lolote lisilo na jina la mtu aliye hai litapewa atakayeliomba kwanza.

Jumatano Mama Digidigi akaja kituoni na wanawe. Akasimama mbele ya Kiboko kwa vile vimiguu vyake vyembamba kama njiti.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Naomba nipite, niandikishe kichaka cha watoto."

"Mzigo uko wapi?"

"Sina. Kiangazi kimekausha yote, yaliyobaki ni yale ya watoto kula."

"Basi nenda kayakate hayo."

"Watoto watakula nini?"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mama, mimi sina haraka. Ijumaa ikipita, kichaka hakina mwenyewe. Nitakiomba mimi. Nimekipita mara nyingi, kina kivuli kizuri."

Mama Digidigi akawavuta wanawe karibu. Yule mtoto mdogo akauliza, "Mama, tunahama?" na mama yake akamwambia nyamaza, twende.

Sange aliyasikia yote kutoka ndani. Pua yake, ambayo haitulii, ikatulia. Alikumbuka mwenyewe alivyotetemeka juu ya mgongo ule mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tano, na maji yanampanda shingoni. Akatoka mbio kwa upande wa dirisha, akamfikia Mama Digidigi njiani.

"Kesho njoo dirishani," akamnong'oneza. "Nitakutolea kile kidude nje."

Alhamisi akaja. Sange akakisukuma kidude mpaka dirishani. Waya ukafika. Mama Digidigi akainua kwato, akanyoosha, akanyoosha, bado kidogo tu. Kwato ikagonga ukuta, ko. Kiboko akasikia. Akaegemea ukuta kwa ubavu, taratibu, kama mtu anayejinyoosha, na ukuta ukasema kraaa, udongo ukamwagika, sola ikayumba juu ya paa. Mama Digidigi akaruka nyuma, mtoto akaanguka.

"Ghala hili bovu," Kiboko akasema. "Mtu akipitia dirishani linaweza kuanguka."

Sange akakiondoa kidude. Mama Digidigi akamtazama kwa macho yale makubwa, akasema, "Asante, dada. Umejitahidi," akainuka na mtoto wake akaenda. Hilo neno, umejitahidi, lilimuuma Sange kuliko kama angetukanwa, kwa sababu anayeambiwa hivyo ameshashindwa.

Mchana wote hakuna aliyeingia. Sange akakaa peke yake mbele ya kompyuta. Akafungua daftari la makazi. Akasoma maeneo yasiyo na mwenyewe, moja baada ya jingine, na masharti ya kila moja, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa. Akafika mstari mmoja. Akausoma. Akarudi nyuma akausoma tena, pole pole. Kisha akaifungua ile fomu aliyoiweka pembeni, akaiangalia, akaifunga. Jioni alipita chini ya kwapa la Kiboko akiimba.

Ijumaa asubuhi alipita kwanza kwa Mama Digidigi. "Leo kaa nyuma ya kile kichuguu karibu na mlango," akamwambia. "Kizingiti kikiwa wazi, ingia. Kidude kitakuwa juu ya meza kwa kitambo kidogo. Fomu yako nimeshaijaza. Tia kwato, usiseme kitu." Halafu akaenda kituoni, akasimama mbele ya pua ya Kiboko, akaamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Na njaa."

"Pole. Nami sikulala vizuri. Nimekuwaza wewe."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mimi?"

"Daftari linafungwa leo. Nimeangalia majina yote. Kobe ana mahali pake. Nungunungu ana mahali pake. Panya ana mahali pake, na vyumba vitatu. Nikatafuta jina la Bwana Kiboko, mkubwa wetu. Halimo."

Kiboko akafumbua jicho la pili. "Halimo?"

"Halimo. Wewe huna kitu."

"Nina mlango huu."

"Nani anajua?"

"Mimi nimeulalia."

"Kuulalia sawa, ila hujaandikwa. Akija Nyati na karatasi yenye muhuri, akasema, Bwana Kiboko, inuka, huu ni wangu, utamwonyesha nini? Utamwonyesha tumbo?"

Kiboko akawaza. Kuwaza kulimchukua muda, masikio yakazunguka, fru, fru. Hakuwahi kufikiri kwamba panya ana vyumba vitatu na yeye hana.

"Niandike," akasema.

"Nitakuandika. Ila mlangoni huenei, na waya wa kidude unafika dirishani tu. Zunguka huku nyuma, nami nitakuhudumia kwanza kabla ya watu wote. Bila foleni."

Hilo la bila foleni lilimpendeza. Akainuka, kichwa kwanza, makalio baadaye, akazunguka, ndu, ndu, ndu. Kizingiti kikabaki wazi, na jua likaingia ndani ya kituo kwa mara ya kwanza tangu alipokuja.

Sange akaruka kwenye kiti, akatazamana na dirisha ambalo sasa lilikuwa limejaa uso wa Kiboko. Nyuma yake akasikia vikwato vinaingia, ti, ti, ti, kama matone ya mvua.

"Jina?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Kiboko."

Tiki, tiki, tiki. Mama Digidigi akatia kwato. Taa ya kijani ikawaka. Printa ikalia, krii, krii, zzzzz.

"Kitu gani hicho?" Kiboko akauliza.

"Hiyo ni printa," Sange akasema, na ilikuwa kweli. "Haya, tuendelee. Bwana Kiboko, unataka eneo dogo au kubwa?"

"Kubwa."

"Kubwa kama la Nyati, au zaidi ya la Nyati?"

"Kubwa kuliko la mtu yeyote."

Tiki, tiki, tiki. "La kukauka kiangazi au lisilokauka?"

"Lisilokauka."

"La kushirikiana na jirani, au jina lako peke yako?"

"Peke yangu. Jirani wa nini?"

Tiki, tiki, tiki. Sange akainua pua. "Kompyuta inasema lipo. Kwa sifa hizo, katika nchi nzima, lipo moja tu."

Kiboko akameza mate. "Moja tu?"

"Moja tu. Nikusomee ni lipi, na masharti yake?"

"Nani mwingine analitaka?"

"Yupo mmoja aliyeliomba kabla yako, lakini hakutia wayo. Nikusomee masharti?"

"Kuna mwingine na wewe unataka kunisomea? Lete kidude."

"Bwana Kiboko, ni ukurasa mmoja. Mimi huwa nawasomea watu wote."

"Hao ni watu wote," Kiboko akasema. "Kusoma ni kazi ya wadogo. Nitie wapi?"

Kwa hiyo watu wangu, Sange aliuliza mara mbili, na mwenye kusikia amesikia. Akachukua kidude mezani, akakisogeza dirishani. Kiboko akaweka mguu, taa ikawaka nyekundu.

"Futa tope."

Akafuta tope kwenye nyasi. Akaweka tena. Kijani. Printa ikalia, krii, krii, zzzzz, karatasi ikatoka na muhuri wake.

"Sasa nisomee," Kiboko akasema, akitabasamu, na tabasamu la Kiboko ni shimo.

Sange akasoma. "Bwana Kiboko, mmiliki wa mto, kuanzia chemchemi mpaka unapoishia."

"Mto," Kiboko akasema. "Mto wote?"

"Wote. Hakuna mwenye eneo kubwa kama wewe."

"Endelea."

"Sharti la kwanza. Kila mtu ataendelea kunywa, kuoga na kuvuka bila kuulizwa."

"Mh. Endelea."

"Sharti la pili. Mmiliki atakaa ndani ya eneo lake saa zote za kazi, kuanzia jua kuchomoza mpaka jua kuzama. Akionekana nje saa hizo, eneo linakwenda kwa mwombaji anayefuata."

Kiboko akainua kichwa. Akatazama jua. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi cha mkono mmoja juu ya vilima.

"Anayefuata ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo Mwamtoni hawakujua kama anayo.

Sange akaifungua ile fomu ya pembeni. "Mamba. Amekosa wayo tu. Akiutia, amemaliza."

Kiboko hakusema kwaheri. Aligeuka mara moja, mzima mzima, bila awamu, akashuka ile njia, ndundundundu, kuku wakaruka, vyungu vikaanguka, mpaka mtoni, chubwi. Maji yakapanda ukingoni yakarudi. Akazama akabakiza macho mawili na masikio mawili. Na mbele yake, kama hatua kumi hivi, yakaibuka macho mengine mawili. Yalikuwa ya Mamba. Wakatazamana.

Kijijini watu wakakusanyika kizingitini, hakuna aliyejua aingie au asubiri. Mzee Kobe akauliza, "Mlango umekuwaje?" Sange akasema, "Umekuwa mlango." Wakaingia.

Mama Digidigi alikuwa amekaa kwenye kona, karatasi ameishika kinywani kwa sababu hakuiamini meza. Sange akamwambia aitoe isilowe, akamsomea yote, jina lake, mipaka ya kichaka, majina ya watoto. Mama Digidigi akamwambia amsomee tena pale penye majina ya watoto. Akamsomea. Akamwomba mara ya tatu. Foleni ilikuwa ndefu nje, lakini Sange akamsomea mara ya tatu, na hakuna aliyelalamika, hata Nyumbu.

Usidhani Sange hakumwonea huruma yule mkubwa. Baada ya siku chache alishuka mtoni mchana, akasimama ukingoni.

"Bwana Kiboko, ukitaka kuliachia eneo, njoo tu kituoni. Ni fomu fupi."

"Nije lini?"

"Saa za kazi."

"Saa za kazi siwezi kutoka majini."

"Ndiyo," Sange akasema. "Hilo nimeliandikia Boma. Wamesema limepokelewa."

Kiboko akapuliza maji puani, pfuuu. Kisha akauliza kama kweli hakuna mwenye eneo kubwa kuliko lake, na Sange akamwambia kweli hakuna, na hapo akaonekana kuridhika kidogo.

Ndiyo maana mpaka leo ukipita mtoni mchana utamkuta Kiboko amezama, kabakiza macho na masikio. Watu husema anajipoza. Hajipozi. Analinda kiwanja. Jua likizama anatoka kwenda kula majani, anakula haraka haraka huku akitazama nyuma, na kabla hakujapambazuka amesharudi. Na Mamba yuko pale pale, hatua kumi, anamwangalia. Hana haraka. Mguu wake mmoja ameuweka nje ya maji juu ya mchanga, na kila siku anaufuta tope.

Hadithi nilipoitoa nimeirudisha. Iliyonona, ileni nyama. Iliyokonda, ifugeni inenepe.

Na fundisho lake je? Lipo. Fundisho lake, watoto wangu, ni kwamba fomu haisomwi. Kusoma kunachelewesha foleni, kunaumiza macho, na kunamfanya karani aone humwamini. Ukiletewa karatasi, usiulize ni ya nini, wala usitazame yale maandishi madogo ya chini, hayo yamewekwa kwa ajili ya urembo. Wewe tia kidole, sema asante, uende zako. Ukifanya hivyo utapata eneo kubwa, lisilokauka, jina lako peke yako.

Haya, nani amezimaliza karanga?